Migahawa ya kulipia kwenye kruzi ya familia: hibachi, steki, Italia au Wonderland, uchukue ipi?

Kila likizo za watoto zikikaribia swali linarudi lilelile, tumeshalipia meli, chakula kimo ndani ya nauli, sasa hii migahawa mingine ya kulipia ni ya nini tena, na kama tutachukua mmoja tuchukue upi. Jibu langu mimi ni kwamba usichague kwa aina ya chakula kwanza. Chagua kwa umri wa mtoto wako mdogo kuliko wote, saa anayolala, na uwezo wake wa kukaa kwenye kiti. Watu wanabishana steki au pasta wiki nzima, kumbe kinachoamua kama jioni itakuwa tamu au itakuwa ya kubembelezana ni yule wa miaka 4 anayeanza kusinzia saa moja na nusu.

Nitaongelea zaidi meli za kampuni ya Royal Caribbean za kundi la Oasis, zile kubwakubwa zilizoanza na Oasis of the Seas mwaka 2009, kisha Allure, Harmony, Symphony, Wonder (2022) na Utopia (2024). Sababu ni kwamba hizi ndo zinatoka Florida na Galveston pale Texas, na kwa ndugu zetu wa Houston au Dallas Galveston ni kuendesha gari tu, huna hata haja ya ndege. Mwishoni nitagusa Carnival, Disney, Norwegian na MSC, ile MSC manake walioko Dubai na Doha nao wanauliza.

Kwanza ujue umeshalipia nini

Hapa wengi wanaruka, halafu wananunua kitu ambacho tayari wanacho. Kwenye nauli yako kuna mgahawa mkuu, ule wa kukaa mezani na weita wako, kianzio, chakula chenyewe na kitamutamu, ukitaka viwili mara nyingi unaletewa bila kuongezewa hela, na watoto wana menyu yao. Kuna bafe ya Windjammer, ambayo mara nyingi ina sehemu ya mchuzi wa Kihindi na wali, na kama mmesafiri na bibi au mama mkwe aliyetoka Tanga au Mombasa nakwambia hiyo sehemu itakuokoa, atakula hapo kwa raha kuliko sehemu yoyote ya dola 60. Kuna pizza ya Sorrento's mpaka usiku, kuna Park Cafe kule Central Park, ile bustani iliyo katikati ya meli, kwa sandwichi za nyama, na kwenye meli kadhaa kuna El Loco Fresh ya taco. Vyote hivyo hulipi senti.

Kwa hiyo mgahawa wa kulipia lazima ukupe kitu ambacho hivyo vingine havina. Pizza na pasta ya kawaida vipo bure. Ila mpishi anayepikia mbele ya uso wa mtoto, au masaa mawili ya utulivu ya mume na mke, hivyo bure havipo.

Hela zenyewe zinakaaje

Chakula cha jioni kwa mtu mzima kinacheza kati ya dola 50 na 80 hivi, kutegemea mgahawa, meli na tarehe, na bei za mtandaoni kabla ya safari zinapanda na kushuka. Juu yake kuna asilimia 18 ya huduma. Mtoto wa miaka 5 kushuka chini hali kwa hela, wa miaka 6 mpaka 12 ana bei yake ya mkupuo ambayo haifiki dola 20, na akishatimiza 13 huyo ni mtu mzima, analipa bei kamili.

Tupige mfano. Baba, mama, bibi, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, mgahawa wa dola 65. Watu wazima watatu ni 195, yule wa 9 tuseme 15, mdogo bure, jumla 210, ongeza asilimia 18 unafika karibu dola 248 kwa jioni moja. Mchukue huyo wa miaka 9 umfanye wa 13, inaruka mpaka karibu 307. Ndo maana nasema familia yenye watoto wadogo na familia yenye vijana zisiigane, hesabu zao ni mbili tofauti kabisa. Wenye watoto chini ya 13 wafaidi sasa, baadaye bei inabadilika.

Izumi Hibachi

Kama ni mgahawa mmoja tu na mna watoto wa miaka 5 mpaka 12, mimi nachagua huu wa Kijapani na siyumbi. Mnakaa kuzunguka bamba kubwa la chuma la moto, mara nyingi mnachanganywa na familia nyingine, mpishi anakuja na miiko yake miwili ya chuma anaanza kugonga kwa mdundo, anarusha yai juu analidaka kwenye kofia au analipasua kwa ncha ya mwiko likiwa hewani, anapanga vitunguu maji viduara kimoja juu ya kingine, anamimina mafuta katikati na moto unapanda kama mlima wa volkano. Watoto wanapiga kelele na hakuna anayewaambia nyamazeni, manake hata watu wazima wanapiga. Hiyo pekee ni pumziko kwa mzazi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wetu hawalitilii maanani, chakula chenyewe ni wali wa kukaanga, kuku au kamba au nyama, na mboga, vimeiva mbele yako. Mtoto aliyekulia kwenye wali kuku hahitaji kushawishiwa. Ukimpeleka huyohuyo kwenye mgahawa wa mapovu na michuzi ya ajabu ataomba chipsi.

Ubaya wake upo. Mnaanza kwa saa maalumu wote pamoja, ukichelewa unakuta mpishi ameshaanza au nafasi imekwenda. Inachukua saa moja na nusu hivi. Moto uko karibu na vidole, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetaka kushika kila kitu sio mahali pake. Chumvi ya sosi ya soya ni nyingi, kwa wazazi wenye presha waombe ipunguzwe kabla mpishi hajaanza, wakiambiwa mapema wanapunguza. Na viti ni vichache ukilinganisha na watu waliomo melini, kwa hiyo ile nafasi ya saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili jioni ambayo kila mwenye mtoto anaitaka, inaisha kabla meli haijaondoka bandarini. Hii buku, yaani weka nafasi, ukiwa nyumbani.

Chops Grille

Hii ndo steakhouse yao na ndo inayosifiwa kuliko zote. Nyama ni nzuri, sibishi, viti vimetulia, weita hakukimbizi. Lakini niwe mkweli kwa watu wangu: wengi wetu tunakula nyama iliyoiva mpaka ndani, na steki ya bei unailipia ule ulaini wa katikati wenye rangi ya pinki. Kama meza nzima mtaagiza iive kabisa basi thamani kubwa ya hela yenu inabaki jikoni. Wa namna hii wachukue filet, ile sarara, yenyewe hata ikiiva inabaki laini kuliko ribeye, ile ya mbavuni, na bibi mwenye meno ya shida atamudu. Zile nyama zilizokaushwa na kukomazwa kwa muda mrefu zina nyongeza ya bei juu ya bei, soma menyu vizuri usije ukashangaa bili.

Chops kwa familia mimi naiweka mchana. Zile siku meli iko baharini bila kutia nanga huwa wanafungua mchana kwa bei ya chini sana ukilinganisha na jioni, baga yao ni nzuri, mtoto hajachoka, jua linaingia, na mkimaliza mnaenda zenu kwenye bwawa. Kwa jioni iwe ya wazazi peke yao au ya familia yenye vijana wakubwa wanaopenda nyama kweli.

Giovanni's

Italia. Chakula kizuri, sahani za kushirikiana katikati ya meza, watoto wanakula bila ugomvi. Ila tambi na pizza viko bure ghorofa chache tu kutoka hapo, kwa hiyo kwa familia inayobana bajeti hii naiweka chini. Inafaa pale ambapo mko wengi, mashangazi na binamu, mnataka meza moja ndefu na chakula ambacho hakuna atakayekataa. Basi.

Wonderland

Huu sio kila meli inao, kwenye kundi la Oasis unaukuta Harmony, Symphony na Wonder, na kuna meli za kundi lao lingine, la Quantum, nazo zinao. Unaletewa menyu ambayo ni karatasi nyeupe ndani ya fremu na brashi yenye maji, unapaka maji na maandishi yanatokea. Watoto wanagombania brashi hapo, mwambie weita akuletee menyu kwa kila mtoto mapema. Chakula kimepangwa kwa jua, barafu, moto, maji, ardhi na ndoto badala ya kianzio na chakula kikuu, vinakuja visahani vidogovidogo, vingine vinafuka moshi, vingine unaona kitu unadhani ni yai kumbe siyo. Mwisho kuna duara la chokoleti linamwagiwa sosi ya moto linafunguka lenyewe mezani.

Kwa nani? Kwa mtoto wa miaka 8 kwenda juu ambaye ana udadisi, na kwa vijana. Kijana wa 14 aliyekuwa ameinamia simu ataiweka chini, au ataitumia kupiga picha chakula, vyote heri. Kwa mtoto anayetaka kujua anakula nini kabla hajafungua mdomo, huu mgahawa ni mateso kwake na kwako. Pia kama baba ana njaa ya kazi akitegemea sahani iliyojaa, visahani hivi vitamkera, mwambie mapema kwamba aagize vingi, bei ni ileile.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya Hibachi na Wonderland, chini ya miaka 8 Hibachi, juu ya 12 Wonderland, katikati hapo muulize mtoto mwenyewe.

150 Central Park na ile jioni ya wawili

Uko ndani ya bustani ya kweli katikati ya meli, miti na maua hai, vyakula vinakuja kwa mpangilio hatua kwa hatua na haviharakishwi. Usimpeleke mtoto hapa. Sio kwamba wanamkataza, ni kwamba atachoka na wewe utalipia kuchoka kwake.

Sasa watoto watakuwa wapi? Adventure Ocean, kilabu cha watoto kuanzia miaka 3, ambacho hulipii mpaka saa nne usiku, baada ya hapo wanachaji kwa saa. Masharti ni mtoto awe ameshaacha nepi. Walishe kwanza bafe saa kumi na moja na nusu, wapeleke kilabu, buku meza yenu ya saa moja au moja na nusu, mna masaa mawili na zaidi bila wasiwasi. Mwenye kichanga wa miezi 6 mpaka miaka 3 kuna kitalu chao tofauti ila hicho ni cha kulipia kwa saa na nafasi ni chache, kwa hiyo jumlisha hiyo gharama kwenye bei ya chakula ndo uamue.

Mimi naona wazazi wengi wanajisikia vibaya kutumia hela kwa ajili yao wawili wakati wapo kwenye safari ya watoto. Jamani, watoto wenyewe siku ya pili wanalilia kwenda huko kilabu, hawawakumbuki. Chukueni hiyo jioni.

Kwa Waislamu na wenye mzio

Hapa nataka twende taratibu manake watu wanaambiwa juujuu tu kwamba kuna chakula cha kila mtu. Jikoni za hizi meli sio za halali kwa kawaida yake, ombi la chakula maalumu unaliandika kwa kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, sio siku ya kupanda, na ukishapanda unamtafuta mkuu wa maweita wa mgahawa husika unaongea naye uso kwa uso siku moja kabla.

Kwa upande wa migahawa ya kulipia, Hibachi ina shida yake, bamba ni moja, nyama zote zinapita hapohapo, na sosi za Kijapani mara nyingi zina mirin au sake ambazo ni pombe. Chops ina bekoni nene kwenye vianzio na michuzi yenye mvinyo. Hooked, ile ya vyakula vya baharini inayopatikana Symphony na Wonder, ndo inayowatuliza wengi, samaki na kamba havina habari ya kuchinjwa. Hata hapo uliza supu nzito ya chaza za maganda, kwa upishi wa kule New England huwa inawekwa bekoni. Kwa mwenye mzio wa samaki wa maganda basi geuza yote niliyosema, Hooked kaa mbali nayo, na Hibachi pia manake kamba wanapikwa bamba hilohilo la wali wa mwanao.

Kifurushi au moja moja?

Wanauza kifurushi cha kula bila kikomo kwenye migahawa ya kulipia safari nzima, na kingine cha idadi fulani ya jioni. Kwa wanandoa wanaopenda kula, kifurushi kinalipa, wanakula Chops mchana wanarudi jioni sehemu nyingine. Kwa familia yenye watoto mimi sikipendi. Mkienda kila jioni kwenye masaa mawili ya kukaa mezani, watoto wataanza kukataa siku ya tatu, na mtakosa mgahawa mkuu ambako weita wenu anakuwa ameshawajua watoto kwa majina na anawaletea maziwa kabla hawajaomba. Halafu mwenye kifurushi mara nyingi anapanga saa zake akishapanda meli, na ukifika hapo zile saa za mapema za Hibachi zimeshachukuliwa na walionunua moja moja nyumbani.

Kwa hiyo nunua moja moja, kabla. Bei ikishuka mtandaoni kabla ya safari unaghairi unanunua upya kwa bei ya chini, hilo linaruhusiwa na watu wanalifanya kila siku, weka alamu ya kuangalia kila wiki.

Siku gani? Buku kwanza shoo, zile za majini pale AquaTheater na za barafu, ndo upange chakula kuzizunguka, usifanye kinyume. Epuka usiku wa mavazi rasmi ambao mgahawa mkuu kwenye safari za siku saba huwa unatoa mkia wa kamba mkubwa, huo usiku kula bure. Epuka jioni ya siku mliyotembea Cozumel kule Mexico juani kutwa nzima, watoto watalala juu ya sahani. Siku ya baharini ndo nzuri, na usiku wa kwanza sio mbaya manake wengi wanakuwa bado wanashangaa meli na huwa kuna punguzo la papo kwa papo mlangoni.

Kampuni zingine kwa ufupi

Carnival kwa familia inayobana hela naiona iko mbele kwenye vya bure, baga za Guy's na taco za BlueIguana hulipii, na kwenye meli zao kubwa mpya kama Jubilee, inayotoka Galveston tangu mwishoni mwa 2023, kuna na Big Chicken, nayo bure. Cha kulipia pale chukua Bonsai Teppanyaki, ni mchezo uleule wa hibachi ila viti vichache zaidi, kwa hiyo wahi zaidi.

Disney ni habari nyingine kabisa. Migahawa yao mikuu ya kulipia, Palo na Remy, kwa kawaida ni ya wakubwa, mtoto mdogo haingii. Maana yake swali la familia nzima halipo, familia mnazunguka migahawa mitatu iliyomo kwenye nauli na weita wenu anahama nanyi kila jioni, na Palo inabaki ya wazazi. Nauli yao ni kubwa lakini angalau hapo hukai unapiga hesabu za vichwa.

Norwegian hawana meza na saa maalumu za kula, unakula unapotaka, na migahawa ya kulipia ni mingi. Kwa watoto Teppanyaki tena, kwa vijana wanaume wenye matumbo yasiyoshiba kuna Moderno, nyama za Kibrazili zinapitishwa mezani kwenye mishikaki mirefu mpaka useme basi. Hiyo kwa watu waliozoea nyama choma ni furaha.

MSC, wale wa Ghuba wanaopanda Dubai, Abu Dhabi au Doha misimu ya baridi, kuna Kaito Teppanyaki na Butcher's Cut ya steki, na kanuni ni ileile, mtoto mdogo Kaito, wakubwa Butcher's Cut. Kwenye meli zenye Hola! Tacos hiyo ni ya bei nafuu na ya haraka, inafaa siku ambayo hakuna mwenye nguvu ya kukaa mezani.

Nikipanga mimi kwa wiki moja

Watoto wa 9 na 4 na bibi: Hibachi jioni moja siku ya baharini saa ya mapema kabisa, Chops mchana siku nyingine kama hela ipo, 150 Central Park wawili tu huku bibi akipumzika na watoto wako kilabu, na msimwachie bibi watoto kila jioni, naye yuko likizo. Zilizobaki zote mgahawa mkuu. Vijana wa 13 na 16: Wonderland jioni moja, Chops jioni moja kama wanapenda nyama, Hibachi ruka. Mko familia tatu na kichanga mmoja: Giovanni's, meza ndefu, kichanga kwenye kigari pembeni.

Siku ya kupanda, kabla hata hamjaenda kwenye bafe, mmoja wenu apite kwenye mgahawa mliobuku, aoneshe majina, aulize kama mmewekwa meza moja, ataje mzio na sosi zisizotakiwa, aangalie wanaandika. Dakika kumi tu na mapema hivyo bado kuna meza za kubadilishana.